Macbeth: kitabu kwanza au muvi kwanza? Na kama ni muvi, ipi?

Swali la Macbeth huwa linakuja hivi: nina wiki chache, Kiingereza cha Shakespeare kinanisumbua, nianze na kitabu au niangalie muvi kwanza, na muvi zenyewe ziko nyingi, nichukue ipi? Jibu langu fupi ni moja. Anza na ile ya 1979 ya Ian McKellen na Judi Dench, alafu rudi kwenye kitabu usome kwa sauti, zingine zitafuata kutegemea unatafuta nini. Ila jibu fupi halimsaidii mtu kuchagua, kwasababu kila njia ina inachokupa na inachokunyima, na ukinyimwa kitu fulani kwenye tamthilia hii unabaki na hadithi ya jitu katili lililoua mfalme likaja kuuawa, na ukiishia hapo umepoteza karibu kila kitu.

Manake Macbeth anajua. Hicho ndo kinachonishika kila nikiirudia. Tendo la kwanza, onyesho la saba, mfalme Duncan yuko ndani anakula, Macbeth katoka mezani kasimama peke yake anajihesabia sababu za kutoua: huyu ni ndugu yangu, mi ni mtu wake, leo ni mgeni wangu na mwenyeji kazi yake ni kumfungia muuaji mlango siyo kushika kisu mwenyewe, alafu ni mfalme mpole ambaye kila mtu atamlilia. Upande wa pili anakiri hana kitu, kuna tamaa ya ukubwa tu. Mkewe akitoka anamwambia hatuendelei na hii habari. Mistari kama hamsini baadae kashakubali! Na mauaji yenyewe hatuoni, Shakespeare kayaficha nyuma ya mlango, tunachoona ni mke anasubiri na mume anarudi na visu mkononi.

Kwahiyo kipimo changu cha njia yoyote ya kuisoma Macbeth ni hiki: inafanya nini na vile vitu ambavyo havionekani? Tamaa iko ndani ya kichwa, hatia iko ndani ya kichwa, na mtu anayetengeneza muvi lazima aamue akuonyeshe nini.

Kitabu

Uzuri wa kwanza ni kwamba ni kifupi, tanzia fupi kuliko zote za Shakespeare, Hamlet inakaribia mara mbili yake. Iliandikwa kama 1606 hivi, ikachapwa mara ya kwanza 1623 wakati mwandishi keshafariki miaka 7, na chapa hiyo ndo pekee tuliyonayo, hakuna ya zamani zaidi ya kulinganisha nayo.

Uzuri wa pili, na huu muvi karibu zote zinakunyima, ni ule wakati wenyewe. James wa Scotland alikalia kiti cha Uingereza 1603. Novemba 1605 wakakamatwa watu waliokuwa wameweka mapipa 36 ya baruti chini ya bunge ili wamlipue yeye na wakubwa wote waliokuwa ndani. 1606 padri Mjesuiti Henry Garnet akashtakiwa kwa njama hiyo na kunyongwa, na kesi yake ilijaa ubishi kuhusu majibu ya njia mbili, yaani unajibu kwa namna ambayo hakimu anaelewa hivi na wewe moyoni unamaanisha vile ili usihesabike umesema uongo. Sasa miezi hiyohiyo ndo inatoka tamthilia ambayo mfalme wa Scotland anauawa usingizini nyumbani kwa mtu aliyemwamini, wachawi wanatoa utabiri wa njia mbili, na mlinzi wa lango mlevi anajifanya ni mlinzi wa jehanamu anawapokea wageni, na mmoja wao ni huyo fundi wa majibu ya njia mbili ambaye maneno yake ya njia mbili yalishindwa kumfikisha mbinguni. Waliokuwa ukumbini mwaka ule kesi ilikuwa bado mbichi masikioni mwao. Ukiangalia muvi bila kujua haya mlinzi anakuwa mlevi wa kuchekesha tu, akipita umemsahau, wakati pale ndo tamthilia nzima inajieleza, Macbeth mwenyewe atakuja kuangamizwa na majibu ya namna hiyo.

Alafu kuna habari ya Banquo, shujaa mwenzake Macbeth vitani, na hapa mwanafunzi nakuomba utulie kidogo. Shakespeare alichukua hadithi kwenye kitabu cha historia cha Holinshed, na huko Banquo alikuwa anajua mpango na alisaidia. Lakini ukoo wa mfalme James ulikuwa unaamini umetokana na Banquo, kwahiyo kwenye tamthilia kasafishwa. Matokeo yake tukapata kitu kizuri zaidi kuliko kumpendezesha mfalme: watu wawili wanasikia utabiri uleule, mahali palepale, mmoja anaua na mwingine anaomba mbingu zimzuie mawazo mabaya usiku. Na bado siyo msafi kabisa, tendo la tatu linaanza na yeye akisema waziwazi kwamba anahisi Macbeth kacheza faulo kupata ufalme, na ananyamaza, kwasababu na yeye ana ahadi yake ya wachawi anaisubiri, kwamba uzao wake utakuwa wafalme. Ukitaka hoja ya kuandika kuhusu tamaa iko hapo, na kwenye muvi inapita haraka sana.

Macbeth wa historia naye alimuua Duncan vitani 1040, na Duncan yule hakuwa mzee, alafu akatawala miaka 17 mpaka 1057. Ile ya kumchinja mgeni kitandani Shakespeare kaitoa kwenye hadithi nyingine ndani ya kitabu hichohicho cha Holinshed, ya mfalme Duff aliyeuawa na Donwald. Yaani mwandishi alikuwa na vita mkononi akaviacha, akaenda kutafuta kifo ambacho muuaji hawezi kujisamehe. Ukilijua hilo unaacha kuuliza kwa nini hatia ni kubwa kiasi kile.

Uzuri wa tatu unaonekana kwa macho kwenye karatasi. Angalia tendo la pili onyesho la pili, baada ya mauaji, mume na mke wananong'onezana maneno mawili matatu, hukusema kitu? saa ngapi? sasa hivi, nilivyokuwa nashuka? Kwenye matoleo mengi maneno hayo yamepangwa kama mstari mmoja wa ushairi uliovunjwa vipande wakagawana, kila kipande kimesogezwa mbele kidogo. Ukiona ule mpangilio unaelewa pumzi zao zilivyo, hakuna hata mmoja anayeweza kumaliza sentensi.

Ubaya wa kitabu ni mlango wake. Onyesho la pili kabisa anakuja askari majeruhi anaelezea vita kwa Kiingereza kizito kuliko karibu sehemu zote zinazofuata, na watu wengi wanakata tamaa hapo wakidhani kitabu kizima kiko hivyo. Ushauri wangu, lipite mbio, chukua tu kwamba Macbeth ni shujaa wa vita na mfalme anampa cheo alichonyang'anywa msaliti, alafu ingia onyesho la tatu. Utalirudia ukimaliza. Maandishi kamili yapo bure mtandaoni kwenye tovuti ya maktaba ya Folger ya Washington, kwahiyo kukosa pesa ya kitabu kusikuzuie, na kama unanunua chukua toleo ambalo maelezo yako ukurasa wa pili unaotazamana na maneno, yale ya mwisho wa kitabu unachoka kufunua.

Na kwa msomaji wa Kiswahili kuna Makbeth ya Samuel Mushi, Tanzania Publishing House, 1968, miaka ileile ambayo Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar na Mabepari wa Venisi. Ukibahatika kuipata isome kwanza mpaka mwisho bila kusimama, ushike hadithi na watu wake, alafu ndo ufungue Kiingereza, utashangaa woga umepungua kiasi gani. Kama mtihani wako unadai maneno ya Shakespeare mwenyewe haitatosha peke yake, lakini kama unasoma kwa ajili ya roho yako au kikundi chenu kinataka kuigiza kwa watu wa mtaani, mi ningeanzia hapo bila kufikiria mara mbili.

Muvi, moja pembeni ya nyingine

Nitazilinganisha kwenye mambo yaleyale, siyo kuelezea moja moja, kwasababu ukizielezea moja moja zote zinaonekana nzuri (na kweli nyingi ni nzuri) alafu mtu anabaki hajui achague nini.

Anza na umri wa wale wanandoa maana hicho peke yake kinabadilisha tamaa inamaanisha nini. Kwa Roman Polanski, 1971, Jon Finch na Francesca Annis wote walikuwa hawajafika 30, vijana wazuri wa sura, na tamaa yao ni ya watu wanaoona dunia yote ni yao na wanaitaka leo. Ile ya 1979 McKellen na Dench wako kwenye arobaini, mtu aliyefanya kazi miaka mingi, anajua anastahili, na anaona kijana Malcolm, mtoto wa Duncan, anatangazwa mrithi mbele yake. Kwa Joel Coen, 2021, Denzel Washington na Frances McDormand wote wamepita 60, hawana mtoto, na ufalme kwao ni nafasi ya mwisho kabisa, ukiwaangalia unaona uchovu kabla hata hawajaua. Maneno ni yaleyale! Ndo maana nasema kama una muda angalia angalau mbili, ukiona moja tu utadhani Macbeth ni yule uliyemuona.

Mauaji. Polanski anakuingiza chumbani. Duncan anaamka, anamuona Macbeth, anatamka jina lake, na Macbeth ambaye sekunde moja nyuma alikuwa anasita sasa hana njia, anachoma, taji linaanguka sakafuni. Inatisha na haisahauliki, lakini kuna kitu kinapotea, ukishaona mauaji yenyewe akili yako inatulia, unajua nini kimetokea na ni kibaya kiasi gani. Coen naye anaonyesha, ila kabla ya hapo ana lile jambia la kuwaziwa ambalo kalifanya ni mshikio wa mlango unaong'aa mwisho wa korido ndefu, na hapo nampa heshima, kwasababu Macbeth anatembea kuelekea jambia lake na mlango wa Duncan kwa wakati mmoja. McKellen na Dench hawaonyeshi chochote. Karudi, visu viwili mkononi, mikono inatetemeka, na kamera iko usoni pao karibu sana, nyuma yao giza. Huna pa kuangalia zaidi ya zile nyuso.

Akira Kurosawa, Japani, 1957, kwenye Throne of Blood, naye hakuonyesha. Hakuna neno hata moja la Shakespeare mle ndani, hadithi imehamishiwa kwa mabwana wa vita wa Japani ya zamani, Macbeth anaitwa Washizu na mkewe Asaji. Asaji anaingia gizani kuchukua pombe ya kuwalewesha walinzi, hatumuoni kabisa, alafu anatokea tena kwenye giza lilelile na mtungi mkononi, unachosikia ni nguo yake inavyokwaruza sakafu. Washizu akirudi na mkuki wenye damu kaganda mwili mzima, mke ndo anambandua vidole mkuki utoke. Dakika kadhaa karibu hakuna maneno, na umeelewa ndoa yao yote.

Lakini hapa nimuonye mtu wa mtihani, na nasisitiza. Kurosawa kabadilisha sababu. Asaji hamshawishi mumewe kwa tamaa tupu, anamtisha: rafiki yako Miki ataenda kusema utabiri, bwana mkubwa akisikia atakuua, na bwana mwenyewe alipata kiti kwa kumuua aliyemtangulia. Kwahiyo Washizu anaua akiwa na woga wa kweli na anayemuua naye siyo msafi. Kwa Shakespeare hakuna anayemtisha Macbeth, hakuna hata mmoja, Duncan kampa cheo leoleo na anampenda. Hiyo ndo inafanya hatia ya Macbeth isiwe na pa kujishikiza. Ukichanganya hizi mbili kwenye insha umeandika kuhusu tamthilia nyingine.

Onyo hilohilo liko kwa Maqbool ya Vishal Bhardwaj, 2003, ambayo kwa sisi tuliokua na muvi za Kihindi inaingia haraka kuliko zote. Mumbai, magenge ya wahalifu, Irrfan Khan ndo Maqbool, bosi wake anaitwa Abbaji na kachezwa na Pankaj Kapur kwa uzito wa ajabu, na Tabu ni Nimmi, ambaye siyo mke wa Maqbool, ni kimada wa Abbaji mwenyewe. Wachawi wamegeuzwa mapolisi wawili, Om Puri na Naseeruddin Shah, wanachora nyota za bahati kwenye kila kitu na wanatabiri. Msitu unaohama umekuwa bahari inayokuja mpaka nyumbani. Ni kazi kubwa, na Nimmi anavyosugua damu ambayo haipo inaumiza. Sababu ya kuua lakini inakuwa mapenzi, wivu, na hofu kwamba urithi unaenda kwa kijana anayemuoa binti wa bosi, vyote pamoja. Iangalie kwa mapenzi yako yote, ila kama una mtihani iwe baada ya kitabu.

Sasa karamu, tendo la tatu, mzimu wa Banquo. Hapa ndo utofauti unaonekana vizuri kuliko mahali pote. Kwa Polanski mzimu upo, una damu, unakuja mbele. Kwa Kurosawa Miki, ambaye ndo Banquo wake, kakaa mahali pake, mweupe, kimya, hafanyi kitu, na Washizu anachomoa upanga anakata hewa. Kwa Coen kunguru kaingia na Macbeth anapigana naye. Kwa McKellen hakuna kitu. Kiti kiko tupu. Sisi tunaona kile wanachokiona wageni wake, mwenyeji wetu anakitazama kiti na uso unaharibika, na tunaona aibu kama watu waliokaa mezani kweli, tunataka kuondoka. Lady Macbeth wa Dench anahangaika kuokoa sherehe kwa tabasamu na ukiangalia macho yake unajua na yeye kashachanganyikiwa, hajaambiwa Banquo kauawa, anakisia tu. Kwangu mimi huu ndo uamuzi bora kwenye muvi zote, kwasababu ukiuonyesha mzimu mtazamaji anaanza kuogopa mzimu, usipouonyesha anaogopa kile kinachomtokea mtu.

Lady Macbeth kalala huku anatembea, tendo la tano. Shakespeare kaacha ushairi kaandika maneno ya kawaida yaliyokatikakatika, na mganga na mtumishi wamesimama pembeni wanasikia siri ambayo hawatakiwi kuijua. Annis kwa Polanski yuko uchi, watu wakaongea sana kuhusu hilo, mi naona anaonekana tu ni mtu asiye na kinga yoyote na inafaa. Asaji ananawa kwenye bakuli, ananawa, ananawa. Marion Cotillard kwenye ile ya Justin Kurzel ya 2015 kakaa chini kanisani anaongea taratibu na mtoto wake aliyekufa, kwasababu muvi ile inaanza na mazishi ya mtoto, na kila kitu kinachofuata kinaelezewa na msiba ule. Nzuri sana kwa macho, Scotland imepigwa picha vizuri kuliko muvi zote, lakini mi sikubaliani kwamba tamaa lazima ipewe sababu ya kusikitisha. Dench kwenye onyesho hili anatoa mlio mmoja mrefu, mwembamba, unaopanda mpaka unadhani hautaisha. Sitauelezea zaidi, utausikia. Ni yule mwanamke aliyesema maji kidogo tu yatatusafisha.

Mwisho nao unachagulika. Kwenye kitabu Malcolm anachukua ufalme, anagawa vyeo, anawaalika watu kwenye kutawazwa, nchi imepona. Polanski hakuamini, yeye anamalizia na Donalbain, mdogo wake Malcolm, anaenda kwa wachawi. Coen anamalizia na Ross kaondoka na mtoto wa Banquo, kunguru wanajaa skrini. Washizu anauawa kwa mishale na askari wake mwenyewe, na kuna mishale ya kweli iliyopigwa karibu na Toshiro Mifune, woga ule siyo wa kuigiza wote. Kama somo lako ni siasa, tawala zinavyobadilishana, mzunguko wa kupindua na kupinduliwa, basi Polanski na Coen zitakusaidia kuliko ile ya 1979.

Kwa muda: Coen ni dakika 105, Kurosawa haifiki saa mbili, Polanski dakika 140, ya 1979 inapita saa mbili na inabakiza maneno mengi kuliko zingine, hata lile onyesho refu la Uingereza ambapo Malcolm anampima Macduff, adui wa Macbeth, kwa kujisingizia maovu. Coen kakata sana, anayefuata na kitabu mkononi atapotea. Ile ya Orson Welles ya 1948 siipendekezi kwa anayeanza, maneno yamehamishwahamishwa mno. Lakini ujue huyohuyo Welles 1936, akiwa na miaka 20, aliipeleka Macbeth Harlem, New York, ukumbi wa Lafayette, waigizaji wote weusi na hadithi imewekwa Haiti. Kama kuna mwalimu wenu anayewaambia hii tamthilia ni ya watu fulani tu, mpeni habari hiyo.

Kuigiza

Njia hii watu wengi hawaihesabu kama kusoma, na mi naona kwa onyesho moja au mawili inashinda muvi na kitabu vyote. Ile ya McKellen na Dench kabla haijawa ya televisheni ilianzia 1976 kwenye ukumbi mdogo wa Stratford unaoitwa The Other Place, jengo la mabati, hakuna mandhari ya bei, waigizaji wamezunguka duara. Kwahiyo pesa siyo sababu.

Chukueni tendo la pili onyesho la pili. Watu wawili, wa tatu kazi yake ni kugonga mlango tu. Zimeni taa. Msijali matamshi ya Kiingereza, na kama Kiingereza kinawazuia tumieni Kiswahili. Mtakachogundua ndani ya robo saa ni kwamba Macbeth katoka chumbani na visu ambavyo alitakiwa aviache pale, mkewe ndo anaviona, anamwambia arudishe, yeye hawezi, mwanamke anaenda mwenyewe. Msomaji wa kimya anapita hapo. Anayeigiza hawezi kupita kwasababu visu viko mkononi mwake na hajui aviweke wapi. Alafu mlango unagongwa, na mwili unashtuka kweli.

Inachokunyima kuigiza ni tamthilia nzima, hamtamaliza, na mwenye kucheza Macbeth ataanza kumtetea kupita kiasi. Ndo maana naiweka pamoja na njia nyingine, siyo peke yake.

Sasa uchague

Kama una mtihani: ya 1979 mara moja bila kusimamisha, kitabu kwa sauti, alafu ya 1979 tena vipande vipande na kitabu mkononi. Polanski ukibakiza muda. Kurosawa na Maqbool baada ya mtihani, nimeshasema kwa nini.

Kama Kiingereza ndo kikwazo: Makbeth ya Mushi, au ukiikosa Maqbool yenye maandishi chini, alafu maonyesho matatu tu ya Shakespeare mwenyewe, 1.7, 2.2 na 5.1 (namba ya kwanza ni tendo, ya pili ni onyesho). Hayo matatu yakikuingia mengine utayatafuta mwenyewe.

Kama una jioni moja tu na unataka kujua kwa nini watu wameiongelea miaka 400: Coen, usiku, simu mbali, na usiangalie kwenye kioo kidogo cha simu, ile muvi ni nyeusi na nyeupe na vivuli vyake vinahitaji nafasi.

Na kama wewe ni mwalimu una kipindi kimoja na projekta inafanya kazi, usionyeshe mwanzo. Onyesha karamu, dakika chache za McKellen na kiti kitupu, alafu dakika chache za Mifune na Miki aliyekaa kweli, bila kuwaeleza chochote. Waulize Banquo yuko wapi. Waache wabishane mpaka kengele igonge, watakaoshikilia kwamba yuko kwenye kiti na watakaoshikilia kwamba yuko kichwani, na kipindi kijacho waanze na tendo la kwanza wakitafuta ushahidi wa upande wao.